Kibao cha Namba Moja

Vitabu vya jiografia vya shuleni vinasema vijiji viko vya aina mbili: vile ambavyo nyumba zimekusanyika na vile ambavyo nyumba zimetawanyika. Aliyeviandika hakufika Rwantare. Nyumba sitini na nne za Rwantare, wilayani Muleba, zimekusanyika kiasi kwamba jogoo mmoja huamsha kaya tisa, na bado ukisimama katikati ya kijiji huoni hata nyumba moja. Kila mtu amejificha ndani ya kibanja chake, yaani ndani ya migomba yake, na kibanja kimeshikana na kibanja mpaka pale udongo unapochoka na nyasi tupu za rweya zinapoanza. Ukiwa huko rweya, kijiji unakiona kama msitu. Mgeni anaweza kupita hatua thelathini kutoka mlangoni mwa mtu anayemtafuta asisikie kitu ila kuku.

Kwa sababu hiyo Rwantare ilimhitaji Ta Rwekaza.

Ta Rwekaza ana miaka sabini na mmoja, kahawa kiasi, migomba ya kutosha, na mke anayeitwa Ma Jovina. Hajawahi kuchaguliwa kwa lolote. Aliwahi kugombea uenyekiti wa kitongoji akapata kura kumi na moja, na Ma Jovina huwaambia watu bila kuulizwa kwamba yake haikuwemo. Lakini kibanja cha Rwekaza ndicho cha kwanza ukitoka rweya, na pale njia inapoingia migombani aliweka benchi la mbao, na katika benchi hilo alishika madaraka kwa miaka arobaini. Ilikuwa hivi: kila anayeingia Rwantare lazima aulize njia, na wa kuulizwa alikuwa yeye.

Hakujibu upesi. Kwanza mgeni alikaribishwa kahawa, ile iliyochemshwa na maganda yake ikakaushwa, ya kutafuna, iliyokaa katika kikapu kidogo pembeni mwa benchi. Halafu aliulizwa ni wa nani, wa ukoo gani, ametoka wapi, ameleta nini. Njia ilikuja mwisho. Habari zote za Rwantare zilipita mikononi mwa Rwekaza kabla ya kuwafikia wenyewe. Watu walijua wamefiwa kwa kumwona anakuja amevaa koti.

Maelekezo yenyewe yalihitaji elimu. "Fuata njia mpaka penye mbuni wa marehemu Ndyamukama, hapo ukate kushoto." Mti huo wa kahawa uling'olewa zamani, kabla wajukuu wa Ndyamukama hawajazaliwa, lakini Rwekaza aliendelea kuutumia kwa sababu ulikuwa umekaa mahali pazuri. Mgeni aliyepotea alirudi benchini, na kahawa ilikuwepo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye wageni wake walielekezwa kwa ukamilifu usio wa kawaida. Huyo ni Karugendo.

Karugendo na Rwekaza ni watoto wa ndugu wawili. Babu yao aligawa kibanja kimoja kwa wanawe, akapanda milamula katikati. Mulamula, kwa asiyeujua, ni mti mwembamba wenye majani kama mikuki, ambao ukiuchomeka ardhini leo utakuta umeshika kesho kutwa, na haufi. Kwetu ndio mpaka. Hati za watu wengine zina muhuri. Zetu zina majani. Mtu anaweza kumtukana jirani yake, anaweza hata kumloga kama ana nafasi, lakini hang'oi mulamula. Katikati ya mstari huo babu aliacha upenyo wa kupita watu, kwa kuwa hakudhani wajukuu wake wangekuwa wajinga.

Ndipo mbuni mmoja ukaota palepale mpakani na kuzaa vizuri kuliko yote. Rwekaza alisema ni wake. Karugendo akasema shina liko kwake. Wazee wa ukoo walikuja kuamua mara mbili, wakala mara mbili, wakaondoka. Baada ya ziara ya pili Rwekaza aliujaza ule upenyo kwa milamula mipya, na kuanzia hapo nyumba mbili zilizokuwa zimeachana kwa hatua arobaini zikaachana kwa dakika arobaini. Aliyemtaka Karugendo aliambiwa hivi: "Nyoosha mpaka kwenye kigango. Teremka kisimani, usivuke. Pandisha kwa njia nyingine mpaka ukose pumzi. Ukikosa pumzi, hapo ni karibu." Miaka zaidi ya thelathini wageni wa Karugendo walifika wameloa jasho, wakati sauti ya Rwekaza akikohoa benchini ilisikika kutoka uani kwa mwenyeji wao.

Basi zikaja anwani za makazi. Mkutano wa kijiji ukaambiwa kwamba kila njia itapewa jina na kila nyumba itapata namba, na kwa kuwa nyumba zetu hazionekani, kila kibanja kitawekewa kibao cha bluu juu ya nguzo ya chuma, pale pa kuingilia. Mgeni atasoma namba na kufika. Watu walipiga makofi. Rwekaza hakupiga.

"Nyumba zikiwa na namba," alimwambia mkewe walipokuwa wanarudi, "mtu ataniuliza nini mimi?"

"Atakuuliza saa," Ma Jovina alisema.

"Jovina, nasema jambo la maana."

"Na mimi pia. Saa unayo, ile ya kipaimara cha Evelyne wetu. Haijawahi kupata kazi."

Alicheka, lakini mumewe hakucheka, na jioni hiyo hakugusa ndizi zake. Mtu aliyekuwa anwani ya kijiji kizima alikuwa ameambiwa kwamba kijiji sasa kitapata anwani.

Karani wa kuandikisha alikuwa msichana wa Bukoba mjini anayeitwa Nuriat, mwenye hijabu ya kijani na simu kubwa ya kazi yenye ramani. Ramani ilionyesha Rwantare kama doa la kijani. Siku ya kwanza alipita mbele ya benchi saa tatu asubuhi, akasalimia, akasema asante, anajua njia. Akapita tena saa tano. Alipopita mara ya tatu, saa saba, alikuwa na majani makavu ya mgomba mgongoni na kiatu kimoja mkononi.

"Kaa, mwanangu," Rwekaza alimwambia. "Wewe ni wa nani?"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba namba za Rwantare ziligawiwa na Rwekaza mwenyewe. Siku tatu alitembea mbele na fimbo, Nuriat nyuma na simu, na vijana wawili nyuma zaidi na nguzo. Nyumba ya kwanza ikawa ya Rwekaza, maana kijiji kinaanzia wapi kama si pale? Ya pili ikawa ya jirani yake wa ng'ambo ya njia, mjane Klaudia. Kisha wakanyoosha mpaka kwenye kigango, wakateremka kisimani, hawakuvuka, wakapandisha mpaka wakakosa pumzi, na huko, jioni ya siku ya tatu, Karugendo akapewa kibao chenye namba sitini na nne.

Karugendo alikitazama. Halafu akatazama juu ya milamula, ambako paa la namba moja liling'aa.

"Karani," alisema kwa upole, "umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"Chuo, mzee."

"Haya. Asante."

Rwekaza alirudi nyumbani mchangamfu. Kumbe namba hazikuwa adui. Zilikuwa ni yeye mwenyewe, zimepakwa rangi.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna karani ambaye angelijua, kwa kuwa halikuwa katika mafunzo. Ukiwaendea watu ambao kwa vizazi vyote kitu kilichochomekwa ardhini pembeni mwa kibanja maana yake ni mpaka, ukawachomekea kitu ardhini pembeni mwa kibanja, hawataona anwani. Wataona mulamula wa chuma, na tena wa serikali. Wiki ya kwanza nguzo saba zilitembea. Moja ilihama hatua mbili kuelekea kwa jirani, nyingine ikarudishwa tatu, na mtu mmoja aliifungia yake ndani ya nyumba, isije ikaibwa pamoja na shamba.

Rwekaza aling'oa yake mchana kweupe, siku Karugendo alipokwenda sokoni Muleba. Aliibeba begani kupita migomba yote mpaka nyuma ya kibanja, akaichomeka palepale mpakani, hatua moja ng'ambo ya ule mbuni, kibao kikiwa kimetazama uani kwa Karugendo. Namba moja. Sasa mbuni ulikuwa ndani ya namba moja kwa ushahidi wa serikali.

Ma Jovina alimfuata akiwa na beseni la maharage. "Ta Evelyne, mume wangu, kile kibao ni cha wageni waone mlango."

"Wageni wataniona mimi."

"Na usipokuwepo?"

"Lini ambapo sikuwepo?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na jibu lake lilikuja baada ya miezi minne, siku ya Jumamosi.

Siku hiyo watu wa upande wa mchumba wa Evelyne, binti yao wa mwisho, walikuwa wanakuja kutoka Ijuganyondo kuposa. Evelyne ni mwalimu huko Bukoba, na kijana mwenyewe, Mugisha, alikuwa ametumiwa anwani kwa simu kama watu wa kisasa: Rwantare, Njia ya Kigango, Namba Moja. Rwekaza alipoonyeshwa ujumbe huo aliusoma mara tatu. Alipenda ile Namba Moja.

Tangu alfajiri kijiji kizima kilikuwa kwake. Wanawake wa nyumba zote walikuwa nyuma ya jiko wanamenya ndizi, Klaudia akiwa kiongozi na kelele. Wanaume walikuwa chini ya turubai wanaonja kama rubisi, pombe ya ndizi ya wenyeji, imeiva, na kila mmoja alikuwa na shaka iliyohitaji kikombe kingine. Sebuleni walitandika nyasi mpya. Rwekaza alivaa kanzu na koti, akakaa kwenye kiti cha mikono ndani, kwa kuwa baba wa binti hakai njiani kama mtu anayesubiri basi.

Aliyekosekana ni Karugendo, ambaye hakualikwa. Alibaki kwake, namba sitini na nne, mtu pekee aliyekuwa nyumbani kwake Rwantare nzima.

Wageni walifika ukingo wa rweya saa nne kasoro, watu tisa, na rubisi katika madumu mawili na kibuyu kimoja kwa ajili ya heshima. Mshenga wao, Mzee Rutashobya, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu mwenye kofia. Walikuta benchi. Benchini hapakuwa na mtu, na kelele za nyuma ya jiko zilimezwa na migomba. Kikapu cha kahawa kilikuwepo, kitupu.

"Tupige simu tuulize?" alisema mmoja wa shangazi.

"Tusipige," Rutashobya akasema. "Ukianza kuposa kwa kuuliza njia, utamaliza kwa kupiga magoti. Anwani tunayo."

Wakatazama kibao cha karibu. Namba mbili. Walipita uani kwa Klaudia wakabisha hodi, aliyejibu ni mbuzi. Rutashobya alifikiri. Kama mbili iko mwanzo, alisema, basi moja iko mwisho, kwa kuwa mahali pengine haipo. Katika maisha yake amefundisha hesabu watoto wengi, na inafaa tuwaombee.

Wakanyoosha mpaka kwenye kigango. Wakateremka kisimani na madumu, hawakuvuka. Walibisha hodi namba ishirini na mbili, thelathini na tano, arobaini. Kote kimya, moto umezimwa, milango imerudishiwa. "Hiki kijiji kimehama?" shangazi aliuliza. Wakapandisha. Walikosa pumzi. Wakaingia uani penye kibao cha sitini na nne, na mbele yao, ng'ambo ya ua safi na chini ya mbuni mzuri sana, wakaona kibao cha bluu: moja.

"Mnaona?" alisema Rutashobya, akakaa chini.

Karugendo alitoka ndani akakuta watu tisa wamevaa vizuri wanatweta uani kwake. Hakuuliza wanamtafuta nani. Aliwapa viti, maji, kisha kikapu cha kahawa, akawauliza wametoka wapi. Walipopata nafuu Rutashobya alisimama, akavua kofia, akatoa hotuba aliyoitunga kwa wiki mbili. Ilianza na Mungu, ikapita kwa mababu wa pande zote, ikasifu malezi, ikagusa elimu, ikafika kwenye kijana Mugisha na bidii yake, na ikaishia kwa kusema kwamba wameona taa katika nyumba hii na wanaomba iwake kwao. Shangazi mmoja alifuta machozi, ingawa huenda ilikuwa jasho.

Karugendo aliitikia kwa kichwa taratibu. "Waitu, wageni wangu, maneno mazuri sana. Sijawahi kuyasikia. Mimi nimekubali."

Wageni wakapiga makofi.

"Tatizo ni kwamba sina binti," Karugendo akaendelea. "Nina wavulana wanne, na wote wako Mwanza."

Kutoka ng'ambo ya milamula, ilisikika sauti ya mwanamke akiwauliza wenzake kama wageni wamekufa njiani.

"Binti ni wa huyo mwenye kibao," alisema Karugendo, akisimama. Akaenda mpaka kwenye mstari wa milamula, akaweka mikono mdomoni. "Rwekaza! Ee Rwekaza! Wakwe zako wako kwangu!"

Kelele zote upande wa pili zilikatika. Migomba ikatikisika, na uso wa Rwekaza ukatokea katikati ya majani, juu ya kola ya koti. Hawakuwa wameongea tangu wazee wa ukoo walipokula mara ya pili.

"Wamefikaje huko?" Rwekaza aliuliza.

"Kwa kufuata namba."

"Waambie waje."

"Waje kwa njia gani?"

Rwekaza alitazama milamula aliyoipanda kwa mkono wake, sasa imekuwa minene kama mapaja.

Karugendo akawageukia wageni. "Bwana mshenga, njia ni rahisi. Mtarudi mlikotoka. Mtateremka kisimani, msivuke. Mtapandisha mpaka kwenye kigango, mnyooke. Mkikosa pumzi, hapo ni karibu." Alisema yote hayo kwa sauti ya Rwekaza, hata kikohozi alikiweka mahali pake. Nyuma ya migomba mtu alicheka, na sauti ilifanana sana na ya Ma Jovina.

Rutashobya aliyatazama madumu. Shangazi akavua viatu. "Mimi siendi," alisema. "Nioeni huku huku."

"Karugendo," Rwekaza aliita, kwa sauti ya chini. "Kata hapo wapite."

"Mimi? Nikate mulamula wa mtu? Mpaka ni mpaka, ndugu yangu. Na serikali imeweka chuma. Unataka nifungwe?"

"Basi wazungushe…"

"Wewe ndiye uliyeupanda. Kata wewe, na mashahidi ninao hapa. Tisa."

Rwekaza alisimama na kanzu yake akimsikiliza Klaudia akinong'ona jikoni kwamba ndizi zinapoa. Alimwona binti yake Evelyne mlangoni, amevaa gomesi mpya. Ndani ya kichwa chake pia, kama alivyokiri baadaye, kulikuwa na jambo baya kuliko ndizi kupoa: watu tisa wameingia Rwantare, wamekaribishwa kahawa, wameulizwa habari zao, wametoa hotuba nzima, na yeye ndiye wa mwisho kujua. Karugendo alikuwa amefanya kazi yake yote kwa siku moja, na ameifanya vizuri.

"Jovina," alisema, "lete panga."

Alikata milamula sita. Mulamula una maji mengi, na kanzu ilipata madoa ambayo hayajatoka mpaka leo. Alipofika kwenye nguzo ya chuma alisita, akaiacha. Wageni wakapita upande mmoja wa mbuni, na Karugendo, ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemzuia, akapita upande wa pili akiwa amebeba kibuyu cha heshima.

Posa ilikubaliwa. Rutashobya alidai faini ya mbuzi kwa wenyeji kuficha nyumba, akapewa, na hotuba ile hakuirudia. Alisema ilishakubaliwa, mwenye shaka amuulize Karugendo. Nuriat alipopita tena kukagua aliandika kwamba nguzo ya namba moja imesogea, akauliza kama airudishe mbele. Rwekaza alimwambia aiache, imeshashika.

Ule upenyo haukuzibwa. Mara moja watu wa nusu ya kijiji waligundua kwamba kupitia hapo wanaokoa kigango, kisima na pumzi, na siku hizi ukitoka rweya kwenda popote Rwantare unapita katikati ya Rwekaza na Karugendo. Benchi limehamia huko, chini ya mbuni. Karugendo ameleta la kwake upande wa pili, na kikapu cha kahawa kinakaa katikati. Mbuni unachumwa na wote wawili, kila mtu akiwa na hakika kwamba ndiye anayemvumilia mwenzake.

Juzi alipita kijana wa pikipiki, mpya, ameshika mzigo na simu. Alisoma kibao, akatazama simu, akasema asanteni wazee, yeye anakwenda thelathini na tano, ameshaiona kwenye ramani.

"Umeiona," Rwekaza alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Thelathini na tano." Rwekaza alimgeukia Karugendo, na Karugendo akasogea kidogo kwenye benchi lake. "Kaa kwanza, mwanangu. Wewe ni wa nani?"